Kuta za korongo zinaonekana bapa kwenye picha: tatizo ni lenzi, saa au mahali pa kusimama?

Mtembea Milimani ameuliza:

Habari zenu, wanajukwaa. Naomba ushauri wa wale wanaopiga picha za milima, makorongo na majabali wakiwa katika matembezi ya miguu. Huwa natembea na kikundi chenye kiongozi, nami hubeba kamera moja yenye lenzi ya zumu ya milimita 24 hadi 70 (24 huingiza eneo pana, 70 huvuta vya mbali karibu). Picha zangu hazitikisiki na rangi zake ni nzuri, lakini ule ukali wa mandhari, yaani kile kinachomfanya mtu ashike pumzi anapofika mahali penyewe, haumo.

Nitoe mfano mmoja. Katika safari yetu ya karibuni tulifika ukingoni mwa korongo ambalo ukuta wake wa ng'ambo ulikuwa mwamba mtupu, umesimama wima, una nyufa ndefu zinazoshuka kutoka juu hadi chini kabisa. Mwenzangu alisukuma kijiwe kwa ncha ya kiatu bila kukusudia, kikadondoka, na kikapita kitambo kizima kabla hatujasikia mlio wake. Sote tulirudi nyuma hatua moja. Picha niliyoipiga pale pale inaonyesha mteremko wa kijivu ambao mtu angedhani anaweza kuushuka akiwa amebeba mtoto mgongoni.

Ilikuwa saa sita mchana, jua likiwa utosini. Je, tatizo ni lenzi, ni saa, au ni mahali niliposimama? Na ikiwa ni saa, mtu anayetembea na kikundi afanye nini, maana kiongozi hawezi kuwasimamisha watu wote wangoje jua lishuke? Nawaomba pia msinishauri kununua kamera nyingine, kwa sababu nimekwisha kuona picha za simu zenye nguvu kuliko zangu.

Mwanga wa Ubavuni amejibu:

Ndugu, umelieleza swali vizuri kiasi kwamba sehemu ya jibu imo ndani ya maelezo yako mwenyewe. Nitazungumzia saa, kwa kuwa kati ya mambo matatu uliyoyataja ndilo ninaloliona zito zaidi.

Ukiwa ukingoni mwa korongo, si macho pekee yanayokuambia kwamba kina ni kirefu. Kichwa hakitulii, na kila kinaposogea vitu vya karibu huhama upesi kuliko vya mbali. Miguu inahisi ardhi inapoishia. Sikio linapima ukimya wa kijiwe kabla hakijagonga chini. Kamera ina jicho moja lililotulia, na yote hayo haiyapati. Inachobaki nacho ni kivuli, utusitusi wa mbali, vitu kupungua ukubwa kadiri vinavyokuwa mbali, na kitu kimoja kukifunika kingine. Kwenye mwamba mtupu, kivuli ndicho kinachofanya kazi kubwa kuliko vyote.

Sasa angalia ulichokisema: nyufa zilikuwa zinashuka kutoka juu kwenda chini, na jua lilikuwa utosini. Mwanga unaoshuka sambamba na ufa hauachi kivuli ndani yake, kwa hiyo ukuta wote unapata wangavu mmoja na ufa unapotea. Kama nyufa zingekuwa za mlalo, kama zilivyo kingo za matabaka ya mawe ya mchanga, jua hilohilo la saa sita lingechora mstari mweusi chini ya kila tabaka, na huenda usingeuliza swali hili kabisa. Ufa wa wima unataka mwanga unaoukata kutoka ubavuni, nao hupatikana jua likiwa chini, asubuhi au alasiri, na likiwa upande wako wa kulia au wa kushoto.

Jambo hili unaweza kulithibitisha kwa jiwe moja na tochi. Chukua jiwe lenye uso uliokwaruzika, ulimulike ukiwa umeshika tochi karibu na jicho lako: utaiona rangi ya jiwe, lakini mabonde yake hutayaona. Kisha ishushe tochi hadi mwanga uuparuze uso wa jiwe kutoka upande mmoja. Kila chembe itaota kivuli, na mkwaruzo ambao kidole hakiuhisi utageuka kuwa mfereji. Kwa sababu hiyo ule ushauri ambao wengi wetu tulipewa mwanzoni, kwamba jua liwe mgongoni mwa mpiga picha, haufai kwa majabali. Unatoa rangi nzuri na anga ya buluu, na unaua umbo.

Mwaka 1927 mpiga picha Ansel Adams alipopanda kwenda kupiga picha ya nyeusi na nyeupe ya ukuta wa jabali la Half Dome huko Yosemite, Marekani, alipofika aliukuta ukuta uko kivulini, akasubiri hadi jua la alasiri lilipoanza kuuparuza. Alikuwa amebakiwa na vioo viwili tu vya kupigia picha. Cha kwanza alikitumia na filta ya njano (kioo cha rangi kinachowekwa mbele ya lenzi), kisha akatambua kwamba anga ingetoka nyeupe kuliko alivyotaka ionekane, akaweka filta nyekundu iliyokoza kwa kile cha mwisho, na hicho ndicho kilichotoa picha inayojulikana hadi leo. Watu husimulia zaidi habari ya filta. Mimi naamini kusubiri ndiko kulikoujenga ule ukuta, na filta ikaja kuutenga na anga.

Zingatia pia kwamba muda wenyewe haulingani kila mahali. Jua husogea angani nyuzi 15 kwa saa. Karibu na ikweta hupanda karibu wima, hivyo kutoka kwenye upeo wa macho hadi nyuzi 6 juu yake ni takriban dakika 24 tu, ilhali katika nchi zilizo mbali na ikweta hupanda kimshazari na ule mwanga wa chini hudumu kwa muda mrefu zaidi. Anayetembea karibu na ikweta hana budi awe amekwisha kufika mahali pake kabla jua halijachomoza, au asimame akiwa tayari kabla halijazama.

Jabali na Bonde amejibu:

Nimeyasoma maelezo ya mwenzangu hapo juu na ninayakubali, isipokuwa sehemu ile anaposema kwamba saa ndiyo nzito kuliko yote. Nadhani mahali pa kusimama ni pazito zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Uwiano wa ukubwa kati ya kitu cha karibu na cha mbali haupangwi na lenzi; unapangwa na mahali ulipo. Lenzi hukata tu kipande kikubwa au kidogo cha kile ambacho mahali hapo panakionyesha. Mtu akifika ukingoni mwa korongo hushtushwa na ukubwa wake, na mkono wake hukimbilia milimita 24 ili kila kitu kiingie. Kila kitu kinaingia kweli, lakini ukuta uliomshtua unakuwa ukanda mwembamba katikati ya picha, juu yake anga tupu, chini yake majani yasiyo na maana. Hali hii ndiyo inayofanya mlima mkubwa uonekane kilima.

Ninachokushauri ni kwamba, kwa ukuta wa ng'ambo, utumie milimita 70 zako zote, uujaze ukuta ndani ya fremu, na uikate anga kabisa. Mtazamaji asipouona mwisho wa juu wala wa chini wa mwamba, hana pa kuupimia, na akili yake hukubali kwamba unaendelea. Nimeona watu wakibeba lenzi za milimita 200 kwa ajili ya wanyama, kumbe kazi yake nzuri kuliko zote ilikuwa kutenga kipande kimoja cha mgongo wa mlima uliopasuka.

Milimita 24 ina mahali pake, lakini inadai kitu kigumu karibu na miguu yako: ncha ya mwamba, mzizi uliong'ang'ania ufa, ukingo wenyewe ulikokatika. Piga magoti, sogea karibu, na uache kitu hicho kiyaongoze macho hadi ng'ambo. Kwa kamera yenye kihisi (kipokezi cha mwanga) kikubwa cha milimita 36 kwa 24, ukitumia lenzi kwenye milimita 24 na tundu la kupitishia mwanga la f/11 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), ukalenga kitu kilicho umbali wa mita 1.8 hivi, utapata ukali wa picha, yaani vitu kuonekana wazi bila ukungu, wa kutosha kuanzia kama sentimita 90 kutoka kwenye kamera hadi mbali kabisa. Usiendelee kuliziba tundu hadi f/22 kwa kudhani ukali utaongezeka, kwa maana mwanga unaopita kwenye tundu dogo sana husambaa na kuilegeza picha nzima.

Jambo la mwisho ni kipimo. Mwamba hauna ukubwa unaojulikana. Jiwe la mita moja na jabali la mita mia moja huweza kufanana kabisa. Mtu ndiye kipimo ambacho kila mtazamaji anakijua, lakini lazima mtu huyo awe kule kule kwenye kitu kinachopimwa. Mwenzako anayesimama mita 3 mbele yako akitabasamu anajipima mwenyewe tu. Subiri wenzako watangulie hadi njia inapopita chini ya ukuta, wawe vidoa vyenye rangi ndani ya kijivu, ndipo upige. Vittorio Sella, mpiga picha wa Italia aliyefuatana na mwanamfalme wa Italia aliyeitwa Duke wa Abruzzi katika milima ya Ruwenzori mwaka 1906 na Karakoram mwaka 1909, alipiga picha za barafu na miamba ambazo katika baadhi yake utaona watu wadogo mno, na ukishawaona huwezi tena kuuona mlima kwa ukubwa ule ule uliouona mwanzo. Naye alikuwa akipiga kwa vioo vizito, kwa hiyo ombi lako la kutotajiwa kamera mpya lina haki kabisa.

Mtembea Milimani ameandika:

Nawashukuru sana nyote wawili. Nimeirudia picha ile na ni kweli: milimita 24, anga nusu nzima, na hakuna mtu wala mti wa kupimia. Naomba mnifafanulie mambo mawili yaliyobaki. La kwanza, nikiwa katika kikundi kinachotembea bila kusita, kamera niibebe vipi na niiandae vipi ili niweze kupiga kwa haraka bila kujihatarisha wala kuwachelewesha wenzangu? La pili, tukifika mahali saa sita na hakuna namna ya kusubiri, je, niiache kamera begini?

Mshazari amejibu:

Kabla hujajibiwa hayo mawili, naomba niongeze neno fupi kuhusu ukali wa mteremko, kwa sababu halijaguswa. Ukiielekeza kamera chini kutoka juu ya mteremko, mteremko unalala. Ukiielekeza juu kutoka chini, mwamba unaegemea nyuma na unapungua ncha. Mteremko huonekana mkali kweli ukitazamwa kutoka ubavuni, na kamera ikiwa imenyooka sawasawa na upeo wa macho. Kwa hiyo usiitafute picha ya genge ukiwa juu ya genge lenyewe. Tafuta kona ya njia inayopinda, ambako unaweza kugeuka na kuuona ukingo uliotoka umechorwa dhidi ya bonde au anga. Mara nyingi kona hiyo hupitwa na kikundi dakika chache baada ya mahali ambapo kila mtu alisimama kupiga picha. Mpaka wa picha nao uchunge: kamera iliyopinda kidogo tu hubadilisha mteremko kuwa mkali au mpole kuliko ulivyo, na huo ukali wa kuongezwa ni udanganyifu hata kama unapendeza.

Mbeba Tripodi amejibu:

Nitaanza na kubeba. Kamera iliyo ndani ya begi la mgongoni haipigi picha, kwa maana mtu anayetembea na kikundi atafikiria mara mbili kabla ya kulishusha begi, kulifungua na kulifunga tena. Ifunge kwenye mkanda wa begi karibu na bega kwa kishikizo imara, au ibebe kwenye kifuko cha kifuani, ili mkono uifikie bila kusimamisha miguu. Isining'inie shingoni mahali pa kuparamia, kwa sababu hugonga mwamba na huvuta mwili mbele pale unapohitaji kuegemea nyuma.

Iandae mkiwa mnaanza safari, usingoje mandhari yatokee. Mimi huiacha kwenye f/8, nikairuhusu yenyewe ichague ISO (wepesi wake wa kuhisi mwanga), huku kasi ya shata, yaani muda wa kupokea mwanga, isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, kwa kuwa mtu aliyetoka kupanda anapumua kwa nguvu na mikono yake haitulii. Hifadhi faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata, maana korongo huwa na anga angavu na vilindi vya giza katika picha moja, na faili hizo ndizo zinazokubali kurekebishwa pande zote mbili. Angalia histogramu (mchoro wa mgawanyo wa mwanga na giza katika picha) zaidi ya kioo cha nyuma ya kamera, kwani kioo hudanganya juani. Kwenye theluji kamera hudhani kuna mwanga mwingi kupita kiasi na huitoa theluji ikiwa ya kijivu, kwa hiyo ongeza kipimo cha mwanga kwa hatua 1 hadi 2 (kila hatua huzidisha mwanga mara mbili). Kwenye mwamba mweusi wa volkano fanya kinyume chake. Tripodi, yaani kisimamio cha miguu mitatu, ninaipenda sana, kama jina langu linavyoonyesha, lakini katika safari ya kikundi jiwe lililo bapa, begi lililolazwa juu yake na kipima muda cha sekunde 2 hutosha mara nyingi.

Kuhusu usalama nina msimamo mkali. Usitembee hata hatua moja ukiwa unatazama ndani ya kamera, wala usirudi nyuma kutafuta nafasi ya kuingiza kitu zaidi katika fremu. Simama, hakikisha miguu yote miwili imekaa mahali pasipotikisika, ndipo uinue kamera. Ukimaliza ishushe kwanza, tazama chini, kisha uhame. Ukingo wa korongo unaweza kuwa umemomonyoka kwa chini bila kuonekana kutoka juu, kwa hiyo asiyekuwa na sababu ya kusimama kwenye hatua ile ya mwisho asiikanyage. Na usiiache njia kwa ajili ya picha pale penye mimea ya mwinuko wa juu. Mimea hiyo hukua polepole mno, na alama za viatu vya watu wachache huweza kukaa kwa miaka mingi.

Zungumza na kiongozi wako kabla ya kuondoka. Hilo ni bora kuliko kumwomba asimame katikati ya njia. Muulize kikundi kitapumzika wapi na saa ngapi, kisha uombe kuwa miongoni mwa watu wa mbele, ili ufike kituoni dakika chache kabla ya wengine na upige wakati wao wakifika. Watu hao wanaofika ndio kile kipimo alichokitaja Jabali na Bonde. Anayebaki nyuma kwa ajili ya picha humlazimisha mtu mwingine abaki naye, na mwishoni hutembea kwa haraka mahali pasipofaa haraka.

Kama mnapanda juu sana, kumbuka kwamba joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000, na betri za lithiamu hupoteza nguvu zikiwa baridi. Betri ya akiba ikae kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ile iliyoonekana kuisha huweza kurudisha nguvu kidogo ikipata joto, kwa hiyo usiitupe chini ya begi. Unapoingia ndani penye joto, ifunge kamera kwanza kwenye mfuko wa plastiki uliozibwa na uiache humo hadi ipate joto taratibu, ili umande utokee juu ya plastiki badala ya ndani ya lenzi.

Sasa swali lako la saa sita. Hapana, usiiache kamera begini. Kwanza, Mwanga wa Ubavuni amekwisha kukuonyesha kwamba jua la utosini huchora vizuri mwamba wenye matabaka ya mlalo, kwa hiyo badala ya kulalamikia saa, tafuta mwamba unaoendana na saa hiyo. Pili, siku yenye mawingu yaliyotawanyika, kivuli cha wingu hufanya kazi ya jua la chini: ngoja hadi mgongo wa mlima ulio karibu uwe kivulini na ule wa nyuma uwe juani, na milima iliyokuwa imeshikana itaachana mbele ya macho yako. Kungoja huko mara nyingi ni kwa muda wa kunywa maji tu, na hakuna kiongozi atakayekunyima. Tatu, filta ya polaraiza husaidia kukata utusitusi wa mbali na mng'ao wa mawe yenye maji. Nguvu yake ni kubwa zaidi ukielekeza kamera nyuzi 90 kutoka lilipo jua, ila kwenye milimita 24 inaweza kuacha anga ikiwa na doa jeusi upande mmoja, kwa hiyo itumie na ile milimita 70.

Nne, na hili ndilo ninalolithamini kuliko yote, ikiwa njia yenu inashuka ndani ya korongo jembamba, saa sita ndiyo saa yenyewe. Jua hufika chini kwa muda mfupi tu, hupiga ukuta mmoja, na ukuta huo huurusha mwanga kwa ule wa pili ulio kivulini, ukiwa laini na umebeba rangi ya jiwe. Usiupige ukuta unaomulikwa na jua moja kwa moja, kwa sababu utakuwa mweupe kupita kiasi. Upe mgongo, uitoe anga yote kwenye fremu, upime mwanga kwenye ule ukuta wa kivulini, na utaona mwamba uliodhani ni wa kahawia ukiwa na wekundu na njano hadi ndani ya nyufa zake.